Antena Ishuke, Mzee Asipande

Wengi wetu katika redio ya ridhaa tulisimamisha antena zetu tukiwa na magoti ya ujana, na leo tunataka kuzitunza kwa magoti ya uzee. Baada ya miaka mingi ya kurusha mawimbi kutoka Mombasa, ushauri wangu kwa wazee wenzangu ni kwamba kazi yote ya antena ipangwe upya ili ifanyike miguu ikiwa ardhini. Mnara wa mita 15 wenye Yagi (antena ya vijiti inayoelekezwa upande mmoja) kileleni ni fahari, sikatai, lakini ikiwa ni lazima mtu aupande kila konekta inapoingia kutu, umepitwa na wakati wake, na wewe pia.

Badala yake nina mlingoti mmoja wa mita 8, wenye bawaba kwenye kitako na roda kileleni. Katikati ya waya wa antena hupandishwa kwa kamba kama tanga la jahazi kwa henza, na panapotokea hitilafu naiteremsha antena hadi usawa wa kifua, nikaketi kitini na pasi ya kulehemu. Kwa bendi ya mita 40, upate urefu wa waya kwa kugawanya 143 kwa masafa ya megahezi: kwa 7.1 utapata mita 20 na kidogo, yaani mita 10 hivi kila upande. Kata waya ukiwa mrefu kiasi, kisha uupunguze taratibu huku ukitazama kipimo cha SWR, kinachoonyesha ni nguvu kiasi gani antena inairudisha redioni. Ncha zikiteremka pande mbili hadi mita 2.5 kutoka ardhini, antena itahitaji nafasi ya mita 17 hivi, ukiacha kamba za kufungia. Zisishuke zaidi ya hapo, kwa sababu volti hupanda sana kwenye ncha, na wajukuu hawasomi mabango.

Wapo watakaosema kwamba mita 8 ni chini mno. Kwa anayetaka kuwafikia watu wa Japani, wana hoja. Lakini mazungumzo yetu ya mchana ni na Nairobi, kilomita 440 hivi, au Dar es Salaam, kilomita 300 hivi, na kwa umbali huo antena ya chini hurusha mawimbi karibu wima, yakaakisiwa na ionosfia, tabaka la juu la anga lenye chaji za umeme, na kurudi chini palepale tunapoyahitaji.

Adui mkubwa wa pwani ni chumvi. Ukikata kebo ya koaksia (ile inayounganisha redio na antena) iliyokaa nje bila kuzibwa vizuri, utaona wavu wa shaba umegeuka mweusi, wakati mwingine hatua kadhaa kutoka kwenye konekta, na hapo kuulehemu tena ni kupoteza risasi ya kulehemu. Kata hadi upate shaba inayong'aa, fungia konekta utepe wa mpira unaojigandisha, kisha uache kebo ining'inie kwa mkunjo kabla ya kuingia dirishani, ili maji ya mvua yadondokee nje. Kamba iwe ya poliesta, kwani ya katani huoza na ile ya plastiki ya bei rahisi huliwa na jua.

Mlingoti wa kulazwa una hatari yake. Usimike mbali na nyaya za umeme kwa angalau mara moja na nusu ya urefu wake, na siku ya kuulaza uwe na kijana wa kushika kamba ya pili.

Chumbani, masikio yakichoka, jaribu FT8, njia ya kuwasiliana kwa ujumbe mfupi kupitia kompyuta badala ya sauti, iliyotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke. Wakongwe wengine huidharau, ila kompyuta husikia tusichosikia. Kuhusu amplifaya ya zamani ya valvu, uzito wake ndio mwanzo tu wa matatizo: kapasita zake zinaweza kubaki na maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani. Bandika juu yake karatasi ya onyo kwa Kiswahili wanachokisoma watu wa nyumbani, na kwenye kila kifaa kingine uandike jina lake, bei yake ya haki na jina la rafiki wa redio wa kuulizwa, kabla mnunuzi wa chuma chakavu hajabisha hodi.