Laptop inakuambia ina virusi kila dakika? Usipige Windows upya kwanza

Mkuu, umesema laptop yako ya Windows 10 inaleta viboksi vya onyo kona ya chini kulia, kila mara "virusi vimepatikana", na fundi anataka hela apige Windows upya. Usimpe bado. Nina steshenari, naprinti na kutengeneza mashine za watu, na tatizo hili naletewa sana. Mara nyingi hakuna kirusi chochote.

Kikitokea tena usikibonyeze. Soma maandishi madogo yaliyomo: utakuta jina la tovuti usiyoijua, pamoja na Google Chrome. Onyo la kweli la Windows huja kwa jina la Windows Security, halipitii Chrome. Hiyo ni tovuti uliyoiruhusu bila kujua. Watu wengi huipatia kwenye mechi za bure au kushusha muvi: ukurasa unakutaka ubonyeze "Allow" kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Ukibonyeza tu, umeipa ruhusa ya kukurushia matangazo hata kama ukurasa wake umeshaufunga. Ndiyo maana unaskani na antivirus haioni kitu.

Fungua Chrome, pale juu unapoandika anwani weka chrome://settings/content/notifications kisha Enter. Shuka hadi kwenye orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Bonyeza vidoti vitatu mbele ya kila jina usilolijua, chagua "Block". Usichague "Remove", maana ukiifuta tu, siku ukipita tena itakuomba upya. Ukimaliza, hapo hapo juu weka tovuti zisiruhusiwe kuomba kabisa. Kama unatumia Edge pia, ile brauza inayokuja na Windows, nayo ikague hivyo hivyo.

Zile kelele za Windows yenyewe, za kukupa dondoo na kukukumbusha umalizie kuseti kompyuta, ni jambo jingine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na I, ingia System, halafu "Notifications & actions", toa tiki kwenye vipengele vya "tips" na "suggest". Wa Windows 11 mtavikuta chini kabisa, ndani ya "Additional settings".

Ninachokuomba sana, usizime ile swichi kuu inayofunga arifa zote. Ukiizima, siku Windows Security ikikamata kirusi cha kweli hutaona onyo lake. Ukitaka utulivu wakati wa kikao au ukiwa kwenye projekta, washa "Focus assist", kisha uizime ukimaliza.

Kama tayari ulibonyeza kimojawapo cha vile viboksi ukashusha programu ya "kusafisha" kompyuta, nenda Settings, Apps, uing'oe, halafu skani yote kwa Windows Security. Na kama uliingiza namba ya kadi, pigia benki yako leo waifunge.

Onyo likiendelea na jina lililomo si la Chrome wala Edge, piga picha ya skrini uiweke hapa tuione.