Kupepeta miale ya gama

Ndugu yangu wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), umeuliza darubini iliyo hapa juu ya ardhi inajuaje kuwa mwanga ilioudaka umetoka kwa mwale wa gama (mwanga wenye nishati kubwa mno kutoka anga za mbali), si kwa protoni, chembe za kosmiki zinazotunyeshea kutoka angani usiku na mchana.

Umewaona mama zetu wa Kongwa wakipepeta uwele? Kazi ni hiyohiyo, ila hapa makapi huzidi nafaka zaidi ya mara elfu. Mwale wa gama ukigonga hewa huzaa manyunyu membamba ya chembe: elektroni na pozitroni (pacha wa elektroni wenye chaji chanya). Mwanga wake wa Cherenkov (unaotolewa na chembe zinazopita hewani kwa kasi kuliko mwanga wenyewe humo hewani), wa nanosekunde chache tu, huchora kwenye kamera duaradufu nyembamba inayoelekea kwenye chanzo. Protoni huchora doa pana, lililochanikachanika. Mwaka 1985 mwanafizikia Hillas alipendekeza kupima upana na urefu wa picha hizo, na mwaka 1989 darubini ya Whipple, Marekani, ikainasa miale ya gama ya Nebula ya Kaa (mabaki ya nyota iliyolipuka) kwa njia hiyo. Vipimo vya umbo tu! Mimi hilo bado linanisisimua. H.E.S.S., kituo cha darubini za gama huko Namibia, huyatazama manyunyu yaleyale kwa darubini kadhaa, ikachuja zaidi.

Mchanga, yaani protoni zilizofanana na gama, bado hubaki kwenye ungo. Basi wanasayansi huhesabu matukio kwenye anga jirani isiyo na chanzo, kisha huyatoa kwenye hesabu ya chanzo. Angalia pia elektroni za kosmiki, zinazotufikia kutoka angani kama protoni: manyunyu yake yanafanana mno na ya gama, hapo umbo halikusaidii.