Boila langu halina lebo, nitajuaje linakula wati ngapi?

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi nauza chai na chapati hapa Majengo, Moshi. Nilinunua boila la umeme la lita 10, la mtumba, lebo yake ya chini imeungua haisomeki hata herufi moja. Mchana linachemka kwa dakika kama 27 ila jioni kuanzia saa moja linafika mpaka 40, wateja wanakaa na vikombe vitupu. Kuna kijana fundi alikuja mchana na ile mita ya kubana waya akapata volti 228 na ampea 9.5, akarudi jioni akapata volti 192 na ampea 8, ila kwenye soketi ya ukutani akakuta volti 200. Kaniandikia kwenye karatasi kaondoka. Sasa hizi namba nazifanyia nini? Jioni linanimalizia uniti zaidi? Na ekstensheni ninayotumia nikiishika ni ya moto, ni kawaida?
– Mama Chai, Majengo

JIBU: Mama Chai, huyo kijana mshukuru sana, maana mafundi wengi wanapima mara moja tu wanaondoka, yeye kapima mara mbili na ukutani kapima pia, na hiyo namba ya ukutani ndo imenionyesha tatizo lako.

Chukua simu yako fungua kikokotoo. Volti ukigawanya kwa ampea unapata ukinzani, yaani jinsi koili inavyoubana umeme usipite, nao unahesabiwa kwa omu. 228 gawanya kwa 9.5 ni 24. Haya chukua za jioni, 192 gawanya kwa 8, ni 24 vilevile. Umeona? Volti imeshuka, ampea imeshuka, ila omu zimebaki palepale kwa sababu hizo ni za koili yenyewe. Hesabu hii aliitoa Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827, ndo maana kipimo kinaitwa kwa jina lake. Na kwako maana yake ni kwamba koili ni nzima, asije mtu akakuuzia nyingine.

Wati unazipata kwa kuzidisha, volti mara ampea. Mchana 228 mara 9.5 ni wati 2,166. Jioni 192 mara 8 ni wati 1,536. Hapa ndo watu wengi wanashangaa, kwa sababu volti imepungua kidogo tu kwa macho, haijafika hata moja ya sita, lakini nguvu imepotea karibu theluthi, na sababu ni kwamba volti ikishuka inashuka na ampea yake kwa hiyo unapunguziwa mara mbili. Boila lako haliumwi, linapewa umeme mdogo saa ambayo kila nyumba mtaani imewasha taa, pasi na jiko.

Kuhusu uniti usiwe na hofu. Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 kwa saa nzima. Kuchemsha lita 10 kutoka nyuzi 20 mpaka 97 (huko kwenu Moshi kwa vile ni juu maji hayafiki 100) kunataka kama uniti 0.9, iwe mchana iwe jioni. Kwa wati 2,166 hiyo ni dakika kama 25, kwa 1,536 ni kama 35, na zile unazoona zimezidi ni joto linalotoka ubavuni na kwenye mfuniko wakati unasubiri. Kwa hiyo jioni unakula zaidi kidogo sana, kinachoumia ni muda.

Sasa ekstensheni. Hiyo si kawaida mama, naomba uishughulikie leo leo. Ukutani 200, kwenye boila 192, zile volti 8 zimeishia njiani. Gawanya kwa ampea 8, unapata omu 1 kwenye waya. Na 8 mara 8 ni wati 64, yaani ni kama umeficha balbu ya zamani ya wati 60 ndani ya waya inawaka muda wote, na kama umeukunja mviringo nyuma ya kiroba cha unga hilo joto halina pa kutokea. Shika waya, halafu shika plagi. Kama plagi ndo ya moto kuliko waya basi tatizo ni pini zimelegea, kama waya wote una joto basi ni mwembamba. Chomeka boila ukutani moja kwa moja, jioni utapata wati kama 1,660. Ikibidi ekstensheni nunua yenye waya wa 2.5 (yaani unene wa milimita za mraba 2.5), ikunjue yote, na usichomeke pasi humo humo.

SWALI: Nasoma kidato cha tatu, Sakina, Arusha. Friji letu limeandikwa wati 150, tumepima tukapata volti 230 na ampea 1.1, ukizidisha ni 253. Nani muongo?

JIBU: Hakuna muongo. Volti mara ampea inakubali bila shida kwenye vitu vya koili kama pasi, birika, jiko. Friji lina mota, na mota inavuta ampea zikiwa zimechelewa nyuma ya volti, kwa hiyo sehemu ya umeme inaingia na kurudi bila kufanya kazi. Mita ya LUKU nyumbani inahesabu wati za kweli, sio hizo 253. Ila waya unabeba ampea zote 1.1, kwa hiyo ukichagua waya hesabu kwa ampea.