Damu Iliyoganda Utakwenda Nayo Hadi India

Swali: Shikamoo Sista. Nina miaka 27, naishi Muheza, nimeolewa ila sijajaliwa mtoto. Nikibeba ndoo ya maji nahema sana, na usiku nalalia mito mitatu. Hospitali kubwa ya Dar es Salaam waliniambia valvu ya moyo imebana, na kwamba itapanuliwa kwa tundu dogo la kwenye paja bila kupasuliwa kifua. Nikafurahi. Baadaye wakanimezesha mpira wa kuangalia moyo, wakasema kuna damu imeganda ndani ya moyo, nirudi nyumbani nitumie warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, miezi mitatu ndipo waangalie tena. Mjomba anasema wananizungusha. Ameona kwenye simu kwamba India wanamaliza siku hiyohiyo, anataka tuuze shamba la michungwa. Tuuze?

Jibu: Marahaba mwanangu. Msiuze.

Mimi ni muuguzi mstaafu wa wodi ya moyo. Mimi ndiye niliyekuwa nawanyoa wagonjwa kinena usiku wa kuamkia siku ya kupanuliwa valvu kwa puto, na maswali ya akina mjomba nimeyajibu sana pale mlangoni.

Sikiliza kinachofanyika. Valvu yako, yaani mlango wa damu moyoni, naamini ni ile ya mitrali, kati ya vyumba viwili vya kushoto. Kwetu huku kinachoibana mara nyingi ni homa ya rumatiki ya utotoni, iliyoanza na koo tu. Makovu yake huzigandisha pembe za valvu. Kwa mtu mzima mwenye afya mlango huo una sentimita za mraba 4 hadi 6. Ukishuka chini ya 1.5, damu inarudi nyuma kwenye mapafu, na ndiyo maana unatafuta mito.

Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, upande wa kulia. Ili afike kushoto hutoboa kwa sindano ukuta unaotenganisha vyumba vya juu. Kisha hupitisha puto aina ya Inoue, lililobuniwa na Mjapani Kanji Inoue, daktari wa upasuaji. Matokeo yake ya kwanza yalichapishwa 1984. Puto hilo lina kiuno. Sehemu ya mbele hujazwa kwanza ikashika chini ya valvu, ndipo nyuma, mwisho kiuno, na pembe zilizoshikana huachana. Mgonjwa huwa macho, amechomwa ganzi pajani tu. Wengi niliwaona kesho yake wakiomba uji na ruhusa ya kwenda nyumbani.

Sasa rudi kwenye ile damu. Imekaa kwenye chumba cha juu kushoto, palepale mrija unapopita. Ikiguswa ikabanduka, hupanda kichwani, na mtu aliyeingia akitembea hutoka na kiharusi. Kipimo cha kawaida cha ECHO (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) cha juu ya kifua hakioni vizuri kona hiyo. Ndiyo sababu ulimezeshwa mpira. Damu hiyo utapanda nayo ndege, na daktari makini wa Delhi akiiona atakwambia yaleyale ya Dar es Salaam. Miezi hiyo mitatu ndiyo tiba yenyewe imeshaanza.

Huenda ikayeyuka, nao watakuita. Isipoyeyuka, au ikionekana valvu imekuwa ngumu kama chokaa, au inavuja sana, puto halifai. Hapo ni upasuaji wa kufungua. Kuna wa kupasua mfupa wa katikati ya kifua, na kuna wa mkato mfupi upande wa kulia, kati ya mbavu, karibu na titi. Huo wa pili huacha kovu dogo na mfupa haukatwi. Lakini usidanganywe na neno "mdogo": bado unaunganishwa na mashine ya kuendesha damu, moyo unasimamishwa, valvu inatengenezwa au inabadilishwa. Si kila timu huufanya, na si kila kifua kinaukubali. Mimi ningechagua mkono uliozoea kuliko kovu fupi.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, nami nalihofia zaidi: mtoto. Usishike mimba sasa. Warfarini huweza kumlemaza mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo, na mimba yenyewe huongeza damu mwilini karibu nusu, mzigo ambao valvu iliyobana haiuwezi. Nenda na mumeo kliniki ya uzazi wa mpango, mtaje dawa unazotumia. Siku zikichelewa, usisubiri, nenda hospitali. Puto likifanikiwa, wengi hubeba mimba salama chini ya uangalizi. Valvu ya chuma, kama yako ingebadilishwa, ingekufunga na warfarini maisha yako yote, na hilo kwa msichana wa umri wako si dogo.

Pima INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, kila unapoitwa. Kisamvu na mchicha kula kama ulivyozoea, usikatishe wala kufakamia ghafla. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya dukani, usiiguse. Sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4, ya kuzuia homa ya rumatiki isirudi, kama umeandikiwa usiikose. Habari za gharama, waone ustawi wa jamii hospitalini kabla ya dalali wa mashamba.

Swali: Sista, baba yangu ana usaha kifuani, wiki ya pili sasa, mpira wa kutolea usaha hautoi kitu tena. Daktari anataka kumtoboa matundu matatu na kuingiza kamera. Baba anataka tusubiri tuone. Msoma jarida, Kahama.

Jibu: Msisubiri. Usaha ukikaa hujenga vyumba vyumba, na mpira hutoa usaha wa kimoja tu. Kwa kamera daktari huvivunja vyote, akasafisha, pafu likafunguka. Mkingoja wiki kadhaa zaidi, ngozi nene huligubika pafu, na hapo kuna uwezekano mkubwa wa kufungua kifua kizima ili kuibandua. Mwulizeni daktari mambo mawili: kama amepima TB kwenye huo usaha, na kama huenda ikabidi kubadilisha mpango katikati ya kazi, kutoka matundu hadi mkato mkubwa. Karatasi ya ridhaa huandikwa hivyo, baba asaini akijua.