Uliza Tukujibu: Huyu IU ni mwimbaji ama ni muigizaji?

Mko aje wasomaji. Tangu ile drama ya kisiwa cha Jeju, When Life Gives You Tangerines, iingie Netflix mwezi wa tatu 2025 simu yangu haipumui, kila meseji ni IU, IU, IU, yule dada wa Korea, basi leo ukurasa wote nimempea yeye, wale mliouliza mambo ya nywele na maploti vumilieni kidogo.

Swali: Mimi na kaka yangu tumekosana hapa Umoja. Anasema IU ni muigizaji aliyeanza kuimba juu ya pesa, mimi nasema ni mwimbaji aliyeingia drama. Tumewekeana chapo madondo. Nani analipa?

Jibu: Kaka yako analipa, na aongeze avokado. Dada huyu aliingia muziki September 2008 akiwa na miaka 15, na wimbo wake wa kwanza ulianguka vibaya, amewahi kusimulia mwenyewe vile alisimama kwa steji na watu wakamzomea. Na kabla ya hapo alikuwa amekataliwa kwa odisheni kama 20 hivi, moja ikiwa ya JYP, kampuni ya muziki ya huko Korea. Nyumbani nako kulikuwa kumebomoka, madeni yalitawanya familia, akawa analala kwa shosho kwa kachumba kadogo kenye mende, shosho anauza vitu vya nywele ndio wapate kula. Yaani hiyo ni hadithi ambayo mtu wa Mathare anaielewa bila kutafsiriwa. Watu walimjua December 2010 alipotoa Good Day, ule wimbo ambao mwisho sauti inapanda, unafikiri imefika, inapanda tena, alafu inapanda mara ya tatu na hajavuta pumzi! Ukakaa namba moja Korea wiki tano. Drama ilikuja baada ya hapo, January 2011, inaitwa Dream High, na hata hakupewa kuwa staring, alivalishwa nguo za kumnenepesha na kwa odisheni ya ile shule ya kwenye hadithi akatokea amejificha ndani ya sushi. Na mwalimu mmoja wa hiyo shule aliigizwa na nani? Na J.Y. Park mwenyewe, mwenye ile kampuni iliyomkataa. Mwambie kaka yako hiyo akiwa bado anatafuna.

Swali: Nilijaziwa flashi kwa duka la muvi hapa tao, lakini kwa drama za zamani anaandikwa Lee Ji-eun. Ni mtu mmoja ama nimeuziwa pacha wake?

Jibu: Haha, hujauziwa pacha. Lee Ji-eun ndilo jina alilopewa na wazazi 1993, na kwa miaka mingi akiigiza alikuwa analitumia hilo, akiimba anatumia IU, ambalo linasomwa Ai-Yu, maana yake mimi na wewe. Mimi nilikuwa napenda sana hiyo ya majina mawili juu ilikuwa kama anasema hapa sijaja na mashabiki wangu, nipimeni kivyangu. Siku hizi ameacha, anajiandika IU kote.

Swali: Dada mwandishi, mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kayole. Msichana wangu yuko form three, amesema akimaliza hataki chuo, anataka kwenda Korea awe kama huyu mwimbaji. Kuna mtu ameshamwambia alipe elfu nne za kuandikishwa. Nifanye nini?

Jibu: Mama, shikamoo, na kwanza hiyo elfu nne isitoke hapo nyumbani. Kampuni za muziki za Korea hazitozi mtu pesa ya odisheni, anayekuitisha ya kuandikishwa ni wale wale matapeli, mimi mwenyewe nikiwa na miaka 19 nililipa elfu moja mia tano ya matangazo ya tivii kwa ofisi fulani ghorofa ya nne, niliporudi Jumatatu nikapata mlango umefungwa na wasichana kumi na mmoja wamekaa kwa ngazi, kila mtu ameshika risiti yake. Sijawahi sahau.

Ya pili, usimkemee mtoto, mwambie ukweli wa hiyo kazi. Wengi wanaingia wakiwa wadogo, wanafunzwa miaka kadhaa kuimba, kudensi na kuongea, na wengi zaidi hawatoki kabisa mbele ya watu. Ukitoka, mkataba wa kawaida unaweza kukushika mpaka miaka saba, na hiyo saba yenyewe ni afueni iliyoletwa na serikali yao 2009, zamani ilikuwa mbaya zaidi. IU alitangulizwa haraka, hata mwaka wa mazoezi haukuisha, lakini huyo ni mmoja, usimpimie mtoto wako kwa huyo. Na hata baada ya jina kushika aliendelea kusota, 2013 alipewa drama ya wikendi ya episodi 50, Lee Soon-shin, ile ya kuangaliwa na akina mama wakikunja nguo, ndio mara yake ya kwanza kubeba drama mzima. 2016 akaigiza Moon Lovers, ile ya msichana anarudi zama za wafalme, huku nje tukalia sana lakini kwao Korea wakasema hajui kuigiza. Alichukua hiyo matusi akaenda nayo kazini.

Mtoto akitaka kweli, Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha Kikorea, aanzie hapo, lugha haitaenda bure hata akigeuza mawazo. Na form four amalize mama, hapo hakuna mjadala.

Swali: Atakuja Kasarani lini?

Jibu: Hakuna kitu imetangazwa. 2024 alizunguka dunia, akapita Asia, Ulaya na Marekani, sisi akaturuka. Kwao alifungia hiyo ziara uwanja wa Kombe la Dunia wa Seoul September hiyo hiyo, siku mbili, kama watu laki moja. Wekeni akiba tu.

Swali: Bando yangu ni ndogo na nina wikendi moja. Nianze na drama gani?

Jibu: Wengi watakuambia Hotel del Luna ya 2019, ile ya mwenye hoteli ya mizimu aliyelaaniwa zaidi ya miaka elfu moja, na nguo zake ni kali, sikatai, kila episodi anavaa kama anaenda harusi ya adui. Lakini kama una wikendi moja tu tafuta My Mister ya 2018. Episodi 16. Humo anaigiza Ji-an, msichana wa miaka 21 kibarua wa ofisi, anadaiwa na shailoki anayemfuata mpaka kwa mlango, na anamtunza shosho ambaye hasikii. Anaiba vipaketi vya kahawa ofisini, akifika nyumbani usiku anamimina viwili kwa kikombe kimoja na hiyo ndio chakula, haongei, hata taa hawashi vizuri. Alafu kuna usiku anamweka shosho kwa kikapu cha magurudumu cha supamaketi anamsukuma mtaani ili akaone mwezi, hakuna muziki mkubwa hapo, hakuna anayelia, ni magurudumu tu yanagonga barabara. Mimi nikakumbuka kale kachumba ka mende nikasema huyu haigizi, huyu anakumbuka. Ilishinda drama bora ya mwaka kwa tuzo za Baeksang za huko Korea 2019, na baada ya hapo sijasikia mtu akimwita mwimbaji anayejaribu jaribu. 2022 filamu yake Broker, ya mwongozaji Mjapani Hirokazu Kore-eda, ikaenda mpaka tamasha la filamu la Cannes.

Ile ya Jeju imeongozwa na huyo huyo aliyeongoza My Mister, Kim Won-seok. Humo IU ni Ae-sun msichana, na baadaye ni binti ya Ae-sun pia, mtu mmoja watu wawili. Kuna mahali ameketi sokoni na kabeji zake anasoma kitabu, kuita wateja hawezi, anaona aibu, kijana aliyempenda ndiye anamuuzia. Ukipita Marikiti asubuhi utamwona Ae-sun wa kwetu, labda bila huyo kijana. Na jina la hiyo drama kwa Kikorea limeandikwa kwa lahaja ya Jeju, ni kama vile sisi tunasema pole kwa kazi. Hiyo nayo ilichukua drama bora kwa Baeksang 2025.

Onyo moja tu, za mwisho mwisho usiangalie ukiwa kwa matatu. Mimi nilijaribu nikitoka Rongai na makanga akasimamisha gari kuniuliza kama nimenyang'anywa simu.