Gari likikukataa asubuhi, tazama kwanza taa ya ulinzi

Alfajiri hiyo mama alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, kadi yake ya kliniki mkononi. Alikuwa amelala kwangu ili tuwahi. Nikazungusha ufunguo, stata ikalia vizuri, injini ikashika, halafu baada ya sekunde moja au mbili ikazima. Nikarudia. Ikashika, ikazima. Mara ya tatu vilevile. Mafuta yalikuwepo, betri ilikuwa na nguvu, na jioni iliyotangulia gari hilohilo lilinifikisha nyumbani salama. Kigeni kilikuwa kimoja tu: kijitaa chekundu kwenye dashibodi, chenye mchoro wa gari na ufunguo, kikimetameta harakaharaka.

Mama alienda kliniki kwa gari la kukodi. Jirani akaja, na kwa nia njema kabisa akanishauri nichomoe waya wa betri kwa nusu saa ili kompyuta ya gari isahau. Nikachomoa. Nilipourudisha, redio ikadai namba ya siri, vioo vya milango vikaacha kupanda vyenyewe kama ilivyokuwa, na injini ikaendelea kushika na kuzima.

Mchana akafika fundi umeme wa magari. Hakufungua hata boneti. Alichukua ufunguo, akaugeuzageuza, akauliza, "Kaka, hili kava la ufunguo umebadilisha lini?"

Nilikuwa nimelibadilisha usiku uleule, kwa sababu la zamani lilikuwa limepasuka. La zamani lilikuwa bado juu ya meza. Ndani yake, kwenye kishimo pembeni, kulikuwa na kipande cheusi kidogo kama ukucha wa mtoto, ambacho mimi nilikichukulia kuwa sehemu ya plastiki. Ilikuwa chipu. Fundi akaligusisha lile kava kuukuu na kichwa cha ufunguo, akazungusha, na gari likawaka likatulia.

Tangu siku hiyo nimewauliza mafundi wengi, nimesoma vitabu vya magari kadhaa, na nimewasaidia jamaa na marafiki waliokwama namna hiyo. Ninachokiamini sasa ni hiki: mfumo wa kuzuia wizi unangoja jibu, na karibu kila njia ya kuuriseti inayofanya kazi kweli ni njia ya kuupa jibu hilo. Ukijua anayeuliza ni nani na anauliza nini, utaokoa nusu siku.

Anza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kuna king'ora, na kuna imobilaiza. King'ora hulinda milango, boneti na buti kupitia swichi ndogo zilizofichwa humo. Kikihisi mlango umefunguka bila ruhusa, hupiga kelele, huwasha taa, na kwenye magari mengine hukata stata. Imobilaiza haipigi kelele. Kichwani mwa ufunguo mna chipu isiyo na betri yake, na kuzunguka tundu la swichi pana antena ya duara. Unapofungua swichi, antena hutoa nguvu kidogo ya sumaku, chipu huamka kwa nguvu hiyohiyo na kutaja namba yake, kisha kompyuta hulinganisha namba hiyo na zile ilizohifadhi. Zisipolingana, gari hunyimwa mafuta au cheche, au stata huzuiwa, kutegemea mtengenezaji. Gari langu ni la aina inayoiachia injini ishike kidogo kabla ya kukata, ndiyo maana lilikuwa linashika na kuzima.

Hapo utaona kwa nini dawa ya jirani haikufaa. Namba za funguo huhifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme kudumu. Zingekuwa zinafutika kwa kuchomoa waya wa betri, mwizi angehitaji spana moja tu. Utaona pia kwamba kwa ufunguo wa kuchomeka, betri ya rimoti ikifa huwezi kufungua milango ukiwa mbali, lakini gari litawaka, kwa sababu chipu haitegemei betri hiyo.

Je, gari lako lina imobilaiza? Magari mapya yalilazimishwa kuwa nayo Uingereza kuanzia Oktoba 1998, Australia kuanzia 2001, na Kanada kuanzia Septemba 2007. Gari la zamani zaidi huenda halina kabisa, na hapo unaisaka hitilafu mahali isipokuwepo.

Sasa taa. Gari likiwa limefungwa na limezimwa, kijitaa kinachomulika polepole ni cha kawaida, maana yake ulinzi uko kazini. Ukifungua swichi, kikiwaka sekunde chache kisha kikazima, ufunguo umekubaliwa, na kama gari bado haliwaki, tatizo liko kwingine. Kikibaki kimewaka au kikimetameta haraka, umekataliwa. Kwa macho hayo matulivu ya dakika moja ningejua asubuhi ile nishughulike na ufunguo, na nisingegusa betri.

Baada ya taa, sikiliza. Stata ikizungusha vizuri lakini injini haishiki, au inashika na kuzima huku taa ikimetameta, shuku ufunguo. Ukisikia tik-tik-tik za haraka na taa za dashibodi zinafifia, hiyo ni betri. Kimya kabisa huku dashibodi inang'aa kinaweza kuwa imobilaiza imezuia stata, lakini hakikisha kwanza gia iko kwenye P au huru, na umekanyaga breki au klachi kama gari lako linavyotaka. Na ufunguo usipozunguka kabisa, huenda ni usukani tu umejifunga: usukume kidogo kushoto na kulia huku ukizungusha ufunguo taratibu, utaachia.

Kuhusu betri naomba nikae kidogo, kwa maana ndiyo inayodanganya watu kuliko kitu kingine chochote. Betri dhaifu inaweza kuwasha taa zote za dashibodi na bado ishindwe pale stata inapovuta umeme. Wakati huo kompyuta na antena hupungukiwa, ufunguo husomwa vibaya au hausomwi, na taa ya ulinzi huwaka kana kwamba wewe ni mwizi. Betri iliyojaa, gari likiwa limepumzika, huonyesha kama volti 12.6. Ikiwa 12.2 imebaki kama nusu, na chini ya 12 haina kitu cha kutegemea. Tazama pia vichwa vya betri: unga mweupe au wa kijani, au kichwa kinachochezacheza ukikishika, vinatosha kuleta vituko vyote hivi. Safisha, kaza, jaribu tena.

Ukilazimika kubusti, yaani kuliwasha gari kwa betri ya gari jingine, waya mwekundu uanze kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Mweusi uanze kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho iende kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Betri hutoa gesi inayoweza kulipuka, na cheche ya mwisho isitokee juu yake.

Kama betri ni nzima na taa bado inakukataa, toka nje ya gari. Funga mlango wa dereva kwa ufunguo wenyewe kwenye tundu la kitasa, kisha ufungue kwa ufunguo huohuo. Mifumo mingi ya king'ora huchukua hiyo kama alama kwamba mwenye gari amerudi. Mtu aliyefungua mlango kwa kuingiza mkono dirishani huacha king'ora bado kikiwa macho, hata kama kimenyamaza.

Kisha utoe ufunguo peke yake kwenye kishikio. Ufunguo wa gari jingine wenye chipu yake ukikaa karibu na antena unaweza kuvuruga usomaji, na rundo la vyuma halisaidii. Jaribu ukiwa peke yake. Halafu leta ufunguo wa pili. Sijui kipimo bora kuliko hicho kwa mtu asiye na mashine. Huo wa pili ukiwasha gari, wa kwanza ndio mgonjwa. Zikikataliwa zote mbili, shuku antena, nyaya, fyuzi au kompyuta yenyewe.

Wapo wanaoshauri ufungue swichi bila kuwasha injini, usubiri dakika 10. Ushauri huo una asili ya kweli, ila si wa kila gari. Magari kadhaa ya kampuni ya GM yalitumia mfumo uitwao Passlock, ambao hausomi chipu bali kihisi kilichomo kwenye tundu la swichi. Kihisi kikipoteza mlinganisho wake, unajaribu kuwasha, gari linakataa, unaiacha swichi ikiwa wazi hadi taa ya ulinzi izime, jambo linalochukua kama dakika 10. Unazima sekunde chache, unarudia hadi itimie mara tatu, kisha unawasha. Gari linakuwa limejifunza thamani mpya. Kwa nusu saa hiyo swichi inakula umeme, kwa hiyo ukianza na betri chovu utamaliza ukiwa na matatizo mawili. Kwenye magari mengi ya chipu kusubiri hakufundishi ufunguo usiojulikana. Kwa kawaida kunasaidia tu kwa yale yanayojifunga kwa muda baada ya kujaribiwa mara nyingi mfululizo. Hapo acha kujaribujaribu, zima kila kitu, lipe gari nafasi litulie, kisha jaribu mara moja kwa ufunguo sahihi.

Magari ya kuwasha kwa kitufe yana tabia yake. Rimoti yake hutegemea kibetri, mara nyingi CR2032 ya volti 3, na kikichoka dashibodi husema ufunguo haupo wakati umeushika mkononi. Watengenezaji walilifikiria hilo. Kwenye Toyota nyingi unakanyaga breki, unagusisha upande wa rimoti wenye nembo kwenye kitufe cha kuwashia, kisha unabonyeza kitufe. Magari mengine yana mahali maalumu pa kuweka rimoti, katikati ya viti au kando ya usukani. Kitabu cha gari kinaonyesha. Ndani ya rimoti hiyohiyo mmefichwa ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango. Na simu yako iweke mbali na rimoti unapojaribu.

Kuchomoa betri nimekusema vibaya, lakini kuna siku kunafaa: king'ora kisipotaka kunyamaza, au vifaa vya umeme vikiwa vimeganda na havijibu. Fungua hasi kwanza, subiri dakika 10 hadi 15, na ukirudisha anza na chanya, hasi iwe ya mwisho. Kabla ya hapo tafuta namba ya siri ya redio, fungua dirisha moja, na ufunguo ukae mfukoni mwako, usiuache ndani ya gari. Baadhi ya ving'ora vina betri yao ndani, vitapiga kelele pale unapochomoa. Usishtuke.

Kama gari lina king'ora kilichofungwa baadaye na fundi, anza kukishuku hicho kabla ya mfumo wa kiwandani. Mara nyingi kinakata waya wa stata kupitia relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, na relei au maungio yake yakichoka, gari huwa kimya. Vingi vina kitufe kidogo kilichofichwa chini ya dashibodi au karibu na fyuzi: unafungua swichi, unakibonyeza, na king'ora hujitoa kazini. Mwulize fundi akuonyeshe kilipo siku anayokifunga, uone kwa macho yako. Nakusihi usikate nyaya kwa kubahatisha, na usikubali mtu aiondoe imobilaiza moja kwa moja ili kumaliza usumbufu. Utakuwa umemrahisishia mwizi kazi.

Yote hayo yakishindikana, mlete mtu mwenye mashine ya kusoma makosa. Akiona msimbo wa kosa P0513, kompyuta inalalamikia ufunguo wa imobilaiza. Kuna kazi ambazo haziwezekani bila mashine na namba za siri za gari, hasa funguo zote zikipotea. Fundi mwaminifu atakuomba hati za umiliki kabla ya kutengeneza ufunguo mpya, na usiudhike, anakulinda wewe. Kwenye modeli nyingi za Ford mwenye gari anaweza kulifundisha gari ufunguo wa tatu yeye mwenyewe, mradi ana funguo mbili ambazo gari linazitambua. Ukibaki na mmoja, njia hiyo imefungwa. Usingoje upotee ndipo utafute wa pili.

Na ukibadilisha kava la ufunguo, lipasue la zamani taratibu juu ya kitambaa cheupe, uhamishe kila kipande, na usilitupe hadi gari liwake na kunguruma walau dakika moja.

Ufunguo wangu wa pili sasa unakaa kwa mama. Kila nikienda kumchukua kwa kliniki, nauacha wangu mfukoni na kurudi naye nyumbani kwa ule wa kwake.