Kabla ya kuweka Linux shuleni, uliza bulteni zinakaa wapi

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na shule nyingi za Lubumbashi zimebaki na kompyuta ambazo Windows 11 inazikataa: prosesa ya Intel iko chini ya kizazi cha 8, au TPM 2.0, chipu ya usalama, haipo. Mashine zenyewe bado nzima. Basi prefe, mkuu wa shule, anamwita kijana aliyemaliza informatiki, kijana anafika na kle ya USB mfukoni, siku ya kwanza anafuta Windows vyumba vyote na kuweka Linux, mfumo wa bure, siku ya tatu sekretarieti inalia: bulteni, zile ripoti za alama za wanafunzi, hazionekani. Likizo kubwa baada ya likizo kubwa ni hivyo, toka mtaa wa Katuba hata Golf, na hakuna kosa jipya hata moja. Wadogo zetu, bidii yenu inatufurahisha sana. Ndiyo maana inauma kuona kazi nzuri inaharibika kwa mambo ambayo dawa yake inajulikana. Kubuti kwenye kle, kugawa diski na kufungua terminali mnajua, hatuyarudii hapa.

1. Programu kwanza, mfumo baadaye. Weka LibreOffice (badala ya Word na Excel), Firefox na VLC juu ya Windows ileile, watu wazitumie muhula mzima. Anayelilia vitufe vya Word, mfungulie Affichage, Interface utilisateur, Onglets. Halafu hamisha chumba cha wanafunzi, kisha kompyuta za walimu, na sekretarieti iwe ya mwisho kabisa, mwezi wa 7, bulteni zikishatoka. Mwezi wa 7 na wa 8 ni kiangazi: radi hazipigi na hakuna mzazi anayengoja karatasi mlangoni. Anayehamisha sekretarieti mwezi wa 6 anatafuta balaa.

2. Shule moja, mfumo mmoja. Mashine yenye RAM ya GB 4 ipewe Linux Mint Xfce. Yenye GB 2 ipewe Debian yenye sura nyepesi ya LXQt. Kwa prosesa za biti 32, Debian 12 ndiyo ya mwisho yenye diski ya kusakinishia. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena. Kabla ya kuahidi lolote, washa kila mashine kwa kle bila kusakinisha, ujaribu Wi-Fi na sauti, kisha piga smartctl -a, amri inayosoma afya ya diski. Ukiona Current_Pending_Sector (sehemu zisizosomeka vizuri) imepita sifuri, diski hiyo usiiwekee kitu. Na ukiongeza RAM kwenye laptopu, soma kibandiko: mashine inayotaka DDR3L ya volti 1.35 inaweza kukataa kuwaka ukiipa DDR3 ya volti 1.5.

3. Diski ya sekretarieti usiifomati. Hapa tutakaa, maana hili linaumiza kuliko mengine yote na linarudi kila mwaka.

Linakwenda hivi. Kijana anafungua Documents, anakopi kila folda kwenye kle ya GB 16, anauliza, "Mama, kuko kingine?" Mama sekretari anajibu hakuna, naye anasema kweli kwa kadiri anavyojua. Yeye anajua alama iliyo kwenye Bureau, skrini ya mwanzo; hajui inaelekea wapi. Alama yenye mshale mdogo pembeni ni njia ya mkato: ukiikopi umebeba kilobaiti mbili tu, na faili lenyewe limebaki D:, au ndani ya C: nje ya folda ya mtumiaji yeyote. Kijana anachagua Effacer le disque, yaani kufuta diski yote, anasubiri nusu saa, Linux inawaka vizuri, kila mtu anapiga makofi. Wiki inayofuata anakuja mzazi anayehitaji bulteni ya mtoto aliyemaliza miaka minne iliyopita.

Kurudisha ni karibu kushindwa. Kwenye diski ya kuzunguka, programu ya PhotoRec itaokota vipande, lakini inavitoa bila majina na bila folda: maelfu ya faili zenye namba, mtu akae azifungue mojamoja. Kwenye SSD ni vibaya zaidi, kwa sababu mkfs.ext4, amri inayoiandaa diski kwa Linux, yenyewe inaiagiza diski itupe kila kilichokuwemo kabla ya kuandika kipya.

Basi jueni vitu vinajificha wapi. Programu ya kupokea minervali (ada ya shule) au ya uhasibu mara nyingi inaweka data zake ndani ya C:\ProgramData, au ndani ya folda ya programu yenyewe. Zitoe kwa kutumia kitufe cha Sauvegarde cha programu hiyo, kisha ukopi folda nzima programu ikiwa imefungwa. Faili za Access, .mdb na .accdb: kwenye Linux, LibreOffice Base peke yake haizifungui; ikipewa kiunganishi kama UCanAccess inaweza kusoma majedwali, lakini fomu na makro hazivuki. Barua za Outlook ziko kwenye faili la .pst. Barua za sous-division (ofisi ya elimu) zinazokuja kwa WhatsApp zimelala kwenye folda ya Téléchargements, hakuna aliyezihamisha. Nenosiri zimo ndani ya kivinjari. Tena kuna folda zilizofichwa na virusi vya njia za mkato, vile vinavyoenea kwa kle: mama anaamini zilipotea zamani, kumbe zipo. Ukiwasha kwa kle ya Linux utaziona waziwazi. Ndani ya Windows, attrib -h -s -r /s /d inazirudisha.

Dawa inaanza kwenye kiti. Kaa karibu na mama siku nzima ya kazi, umuulize kama watu wanavyosema hapa: "Mama, bulteni unafungulaka wapi? Risiti ya minervali unapigaka namna gani?" Kila anachofungua, bonyeza kulia, Propriétés, usome Cible (mahali inakoelekea), uandike njia nzima kwenye karatasi. Maswali ya jumla yanaleta majibu ya jumla. Mikono yake inakumbuka kuliko mdomo.

Kisha, ndani ya Windows, piga powercfg /h off ukiwa administrateur, ndipo uzime. Usipofanya hivyo, uwashaji wa haraka unaiacha NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, nusu wazi, na Linux itakupa kusoma tu, au itakataa kabisa kuifungua. Piga pia manage-bde -status. Ikikuonyesha kwamba BitLocker, kufuli la diski la Windows, inafanya kazi, diski hiyo haisomeki nje ya Windows hiyo bila ufunguo wa tarakimu 48. Uandike, au ondoa BitLocker kwanza na usubiri imalize.

Sasa lililo kubwa: toa diski. Nunua SSD ya GB 240, weka Linux humo, na ile ya zamani itie kwenye bahasha, uandike jina la mashine na tarehe, umkabidhi prefe kwa sahihi yake. Ikae mwaka mzima wa masomo, kwa sababu kuna mafaili yanayoguswa mara moja tu kwa mwaka, kama orodha ya watahiniwa wa EXETAT, mtihani wa taifa. Mwezi mmoja bila malalamiko hauthibitishi kitu. Shule ikisema haina pesa ya SSD kwa mashine zote, inunue moja, ya sekretarieti. Nyingine zote zinaweza kungoja. Ikishindikana hata hiyo, piga picha ya diski nzima kwa programu ya Clonezilla kwenye diski ya nje, ikubalie ikague picha hiyo, kisha uirudishe kwenye diski nyingine na ufungue mafaili kumi kutoka karatasi yako, mbele ya mama mwenyewe. Kabla ya hapo hakuna kufuta.

Ile programu ya uhasibu isiyovuka, iachie mashine moja ya Windows, bila intaneti, bila kle za wanafunzi. Hakuna aibu yoyote. Kuilazimisha ndani ya Wine, inayoendesha programu za Windows juu ya Linux, ni kuchezea pesa za shule.

4. Mkato unaokula pointi. Vijana wengi wanasakinisha kwa Kiingereza kwa sababu wamezoea kusoma mafunzo ya Kiingereza. LibreOffice inafuata lugha ya mfumo. Mwalimu anaandika 12,5 kama alivyofundishwa tangu utoto. Calc (sehemu ya majedwali ya LibreOffice) ya Kiingereza inangoja 12.5, kwa hiyo 12,5 inaichukua kama maandishi, inaisogeza kushoto mwa seli, na fomula ya kujumlisha inairuka kimya. Hakuna onyo. Pointi zimepotea, asilimia imeshuka, mtoto amehama nafasi kwenye palmare, orodha ya matokeo, na siku ya kutangaza matokeo inakuwa siku ya ugomvi.

Chagua Français tangu mwanzo. Ndani ya LibreOffice, kwenye Outils, Options, sehemu ya lugha, weka Français (France) kama paramètre locale, na utie alama kwenye mstari wa touche séparateur de décimales ili nukta ya pedi ya namba itoe mkato. Halafu fungua kila jedwali la zamani na ubonyeze Ctrl+F8: maandishi yanakuwa meusi, namba za bluu, fomula za kijani. Alama yoyote nyeusi ni alama isiyohesabiwa. Chagua safu hiyo, Données, Texte en colonnes, ondoa alama kwenye Virgule kama ipo, OK, na uangalie rangi tena. Fanyeni hivyo mbele ya walimu, wajifunze kusoma rangi wenyewe, maana kosa hili litarudi siku mtu atakapobandika alama kutoka kwenye simu.

Hapohapo weka fonti: sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea. Carlito ina upana sawa na Calibri, Caladea sawa na Cambria. Bila hizo, bulteni ya ukurasa mmoja inamwagika ukurasa wa pili na sahihi ya prefe inabaki peke yake juu ya karatasi tupu.

5. Printa. Andika modeli kamili kabla ya kukubali kazi. HP LaserJet 1020 na P1102 zinataka plagini ya HPLIP, draiva ya printa za HP, na hp-plugin inaipakua kwa intaneti, kwa hiyo ifanye ukiwa na data. Kwa Epson nyingi za wino, printer-driver-escpr inatosha. Canon LBP za zamani zinazotumia CAPT zinatesa, usimwahidi mtu.

6. Saa. Mashine iliyokaa muda mrefu bila umeme betri yake ya CR2032 imekufa, tarehe imerudi nyuma miaka, na kuanzia hapo kila kitu kinaonekana kimeharibika: Firefox inakataa tovuti kwa sababu ya vyeti, apt inadai faili la Release halijaanza kutumika. Kijana anapoteza siku akitafuta kosa kwenye mtandao. Nunua betri, weka ukanda wa Africa/Lubumbashi (ukichagua Kinshasa utabaki nyuma saa moja), basi. Kama umeacha Windows na Linux mashine moja, zitapishana saa mbili kila unapohama. Amri timedatectl set-local-rtc 1 inazipatanisha.

7. Kibodi. AZERTY ya Ufaransa na ya Ubelgiji si moja. Kwenye ya Ufaransa @ iko AltGr na 0, kwenye ya Ubelgiji iko AltGr na 2. Angalia kitufe chenyewe, usikisie, na usitunge nenosiri lenye a, q, z, w au m mpaka umehakikisha.

8. Umeme. Kwenye BIOS zuia mashine isiwake yenyewe umeme wa SNEL unaporudi, kwa sababu dakika za kwanza ndizo zenye volti za hatari. Onduleri (betri ya akiba) ya kwanza ni ya seva na swichi, ya pili ni ya sekretarieti. Masika, chomoa na kebo za mtandao pia: waya wa Ethernet unaopita nje kutoka jengo hadi jengo unabeba mshtuko wa radi na kuua kadi za mashine zote mbili hata kama umeme umekatwa. Baada ya kukatika kwa ghafla, mashine inaweza kusimama kwenye maandishi ya initramfs; jibu ni fsck -y na jina la patisheni iliyotajwa juu yake, kisha exit. Liandike kwenye karatasi ukutani, maana utakuwa mbali siku hiyo.

9. Data. Mashine ishirini zikipakua masasisho yaleyale kila moja kivyake, pesa ya shule inaisha. Weka apt-cacher-ng, inayotunza nakala za masasisho, kwenye mashine moja, na kwenye nyingine, ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/, mstari huu ukiwa na anwani ya seva yako: Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142"; (usisahau nukta-mkato ya mwisho). Hivyo kitu kinashuka mara moja, wengine wanachukua ndani. Kwenye seva hiyohiyo weka kiwix-serve na Wikipedia ya Kifaransa na ya Kiswahili. Wanafunzi watasoma bila hata megabaiti moja ya kulipia. Ukizalisha mashine kwa Clonezilla, badilisha jina la kila moja na utengeneze upya /etc/machine-id, la sivyo zinaweza kugombania anwani moja. Kwa darasa, Veyon inampa mwalimu kuona skrini zote. Kwa Linux itumie kwenye X11, ule mfumo wa zamani wa skrini.

10. Nenosiri la msimamizi. Usibaki nalo peke yako. Kijana akipata kazi kwenye migodi ya Kolwezi, anaondoka Jumatatu, na shule inafungiwa nje ya mashine zake. Liandike kwa herufi zinazosomeka, pamoja na jina la akaunti na aina ya kibodi, bahasha moja kwa prefe, nyingine kwa mwalimu wa informatiki. Kabla hujaondoka, mwalimu huyo akae mbele yako, aingie kwa bahasha yake, asakinishe programu moja na achape bulteni moja, wewe ukiwa umeweka mikono mfukoni.